Umeme mdogo hauongezi ampia za hita

Swali: Shikamoo fundi. Niko Mbagala. Nimefungiwa hita ya kuogea ya wati 5500, volti 220. Alfajiri breka ya ampia 20 inakata baada ya muda. Jioni umeme unashuka mpaka volti 180, nimepima mwenyewe. Nikagawanya 5500 kwa 180, nikapata ampia 30 na ushee. Aliyenifungia anasema tuweke breka ya 40 kwa sababu ya huo umeme mdogo. Hesabu yangu iko sawa?

Jibu: Marahaba. Kugawanya umegawanya vizuri, ila namba hizo hazikupaswa kukutana, na kosa hili naletewa kila mara. Umechukulia kwamba hita itadai wati zake 5500 hata umeme ukiwa mdogo. Haidai. Zile wati za kwenye kibandiko ni za volti 220 tu. Kisichobadilika ni ukinzani wa koili, yaani jinsi waya wa ndani unaopasha maji unavyouzuia mkondo, kwa hiyo anza nao: 5500 gawanya kwa 220 ni ampia 25, na 220 gawanya kwa 25 ni omu 8.8.

Sasa leta volti zako za jioni. 180 gawanya kwa 8.8 ni ampia 20 na nusu hivi. Zidisha kwa 180, unapata kama wati 3,680. Volti zimepungua chini ya moja ya tano, nguvu imepungua theluthi nzima. Nina hakika jioni unaoga maji ya vuguvugu na breka imetulia. Alfajiri volti zikirudi 230, hita inavuta ampia 26, ndipo inakata. Breka yako ilishakujibu kabla yangu.

Hofu hii watu wameitoa kwenye friji. Mota yake ikikosa volti inahangaika, inavuta mkondo mwingi mpaka inaungua. Hita, pasi na birika ni koili tupu.

Hiyo breka ya 40 ndiyo inayoniuma roho. Breka haikuwekwa kulinda hita, imewekwa kulinda waya, na waya nao una ukinzani. Kama hita imeungwa kwenye waya wa soketi wa unene wa milimita za mraba 2.5, mita 15 kwenda na 15 kurudi ni kama omu 0.22. Zidisha 26 kwa 26, kisha kwa 0.22: karibu wati 150 za joto ndani ya bomba la plastiki lililofukiwa ukutani. Skrubu iliyolegea yenye nusu omu itatoa karibu wati 300 mahali padogo kama ukucha. Breka ya 20 inalikataa hilo. Ya 40 haitashtuka kabisa, kwa sababu kwake ampia 26 bado ni kidogo.

Vishoka, mafundi wasio na leseni, wanapenda dawa hii kwa kuwa kubadili breka ni dakika tano na pesa wanaipata papo hapo, ilhali kuvuta waya ni kazi ya siku nzima. Nimefungua soketi zilizoyeyuka zikashikana na ukuta, nyuma yake breka kubwa, mpya, haijawahi kukata hata mara moja. Familia inalala humo.

Iache ya 20 ilipo na usiiwashe hita mpaka fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aivutie hita waya wake peke yake, wa milimita za mraba 6, kutoka kwenye boksi la breka, aufungie breka ya 32, na aipime athi, ule waya wa usalama unaoingia ardhini, kwa kifaa, si kwa kugusa bomba.