Simu na Mtandao, Maswali Yenu: 4G Inakula Bando Kuliko 3G?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi nauza mitumba hapa Kiboriloni, Moshi. Mwezi uliopita nilibadilisha simu, ile ya zamani ilikuwa inaishia 3G, hii inasoma 4G na nikishuka mjini kuna sehemu inaandika 5G kabisa. Sasa shida ni bando. La wiki nilikuwa nafika nalo wiki na saa nyingine linabaki, ila saivi nikiunga Jumatatu, Jumatano jioni naletewa meseji limekwisha. Shemeji yangu anasema 4G ndo inakula data kwa sababu ina nguvu, nirudishe simu kwenye 3G. Ni kweli, au nimeuziwa simu mbovu?
Mama Mitumba, Kiboriloni

JIBU: Pole dada, simu yako ni nzima. Na shemeji nisimvunjie heshima, amepatia jibu ila njia aliyopitia siyo.

Spidi yenyewe haili bando. Chukua mkungu wa ndizi unatoka Machame unakuja huku Arusha soko la Kilombero, uupakie kwenye Noah inayokimbia au kwenye kirikuu kinachopumzika kila kilima, ukishushwa sokoni ni mkungu uleule, hakuna ndizi iliyozaliwa njiani kwa sababu gari lilikimbia. Ndo hivyohivyo kwenye simu. Tuseme kwenye grupu la kwaya wamerusha video ya MB 40. Kwa mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde (megabiti nane ndo MB moja) utaisubiri kama dakika mbili na sekunde arobaini, kwa mtandao wa megabiti 20 utaisubiri sekunde 16, na kote kule bando limepungua MB 40 zilezile. Picha ni hivyo, meseji za sauti ni hivyo, kutuma hela kwa simu ndo kabisa, kunakula vitu vidogo sana.

Sasa utaniuliza mbona linaisha Jumatano. Hapo ndo penye utamu wenyewe.

Video unazoangalia YouTube, Facebook na kwingineko hazijakaa kule kwenye mitambo yao kwa ubora mmoja. Video moja imewekwa matoleo mengi, kuna la 144p ambalo sura ya mtu huijui, kuna 360p, 720p, 1080p mpaka 4K, na kila toleo limekatwa vipande vya sekunde chache chache. Simu yako inapocheza inaomba kipande kimoja, inaangalia kimefika haraka kiasi gani, alafu kwa jibu hilo inachagua kipande kinachofuata kiwe cha toleo gani. Kwenye 3G ya zamani kilikuwa kinachelewa basi inakuletea la chini, ukaona mawingu mawingu ukazoea. Kwenye 4G kipande kinafika kabla hujapepesa jicho, simu inasema kumbe huyu mama ana barabara ya lami, inapandisha 720p, inapandisha tena. Wewe hujagusa kitu, hakuna aliyekuuliza, na picha imekuwa nzuri ukafurahi.

Piga hesabu uone. Video inayotiririka kwa nusu megabiti kwa sekunde inakula kama MB 225 kwa saa. Ikipanda mpaka megabiti mbili na nusu, saa hiyohiyo moja inakula zaidi ya GB 1. Netflix wenyewe wanaeleza kwenye ukurasa wao wa msaada kwamba ubora wa chini unafika GB 0.3 kwa saa, wa kati 0.7, HD mpaka 3 na 4K mpaka 7. Filamu ni ileile, mwigizaji ni yuleyule, ila umetoka 0.3 mpaka 7.

Alafu kuna kuvuta mbele. Hizi aplikesheni za video fupi, wakati unacheka na ya kwanza yenyewe imeshaanza kushusha ya pili na pengine ya tatu ili ukiskroli isikwame, kwa hiyo ukiangalia sekunde tatu ukapita, kile kilichoshushwa umeshakilipia. Na kuna wewe mwenyewe dada, usinikasirikie. 3G ilikuwa inazunguka zunguka unachoka unaweka simu chini unapanga nguo zako, sasa haizunguki, mteja asipokuja unaangalia ishirini badala ya tano.

Juzi alikuja dada mmoja kibandani kwangu na malalamiko kama yako, amekasirika kweli, anataka nimwambie simu imeingiliwa. Tukafungua setingi, tukaenda sehemu ya matumizi ya data, ikatoka orodha. Juu kabisa aplikesheni ya video fupi imekula zaidi ya nusu ya bando, chini yake WhatsApp, na M-Pesa anayoitumia kutwa nzima iko mkiani huko hata MB chache hazijatimia. Akaangalia ile orodha, akaniambia, "Kumbe ni mtoto, jioni nikipika ndo anaichukua." Basi na wewe kabla ya kumlaumu mtu anza na orodha hiyo, kila simu inayo.

Kuna na jambo la simu mpya. Wiki za mwanzo inakuwa na njaa, inaapdeti aplikesheni zote, inarudisha picha na meseji za zamani kutoka akaunti yako, na kioo chake kikiwa kikubwa na kikali zaidi video nazo zinapanda zaidi. Hiyo inapoa yenyewe.

Kurudi 3G kama anavyosema shemeji kutapunguza matumizi ni kweli, kwa sababu video zitashuka ubora, ila na picha za nguo unazowatumia wateja zitakuwa zinapanda kwa kujikokota, ni kama kufunga duka ili usikopwe. Bora ufanye hivi. YouTube ingia setingi, ubora wa video kwenye data ya simu weka ule wa kubana data. Facebook zima video kujicheza zenyewe. WhatsApp ingia sehemu ya hifadhi na data, zima kupakua picha na video zenyewe, maana magrupu ya harusi na vikoba yale wanarusha video za asubuhi njema ambazo huzifungui. Na kwenye simu yenyewe za Android kuna kitu kinaitwa Kiokoa Data, ukikiwasha aplikesheni ambazo hujazifungua hazivuti data nyuma ya mgongo wako. 4G iache hapohapo ilipo.

SWALI: Chalii yangu niaje. Nasoma chuo huku Njiro. Juzi nimeunga GB 5 nikawasha hotspoti nifanye asaimenti kwenye laptopu, sijafungua video hata moja, naapa, kuandika tu na kusoma vitu. Ndani ya saa moja hakuna kitu. Hawa watu wa mtandao si wezi hawa?
Mwanafunzi, Njiro

JIBU: Poa sana chalii wangu. Kabla ya kuita mtu mwizi tuiangalie hiyo laptopu, maana mimi namshuku huyo.

Simu inajua data ya laini ni ya kulipia, inajizuia. Laptopu haijui. Yenyewe ukiiunganisha kwenye hotspoti inaona waifai tu, inadhani iko ofisini kwa mtu ambapo intaneti inalipiwa mwisho wa mwezi, basi inafungulia kila kitu kilichokuwa kimesubiri: apdeti za Windows, za antivairasi, OneDrive kupandisha mafaili, na kama una gemu nayo inajiapdeti. Na hapa ndo spidi inakuumiza kweli. Mtandao wa megabiti 20 kwa sekunde unamaliza GB 5 kwa dakika kama 33, wewe bado uko kwenye utangulizi wa asaimenti. Mzigo uleule kwa megabiti 2 ungechukua zaidi ya saa tano, ungekuwa umeshamaliza kuandika ukazima laptopu, ukajiona mjanja wa kubana bando kumbe ulikuwa umeokolewa na uzembe wa mtandao.

Dawa ni kwamba ukishaunganisha, ingia setingi za waifai kwenye Windows, bonyeza jina la hotspoti yako, utakuta swichi ya kuiambia kwamba muunganisho huu unapimwa, yaani data yake ina kikomo (kwa Kiingereza "metered connection"). Washa. Apdeti nyingi zitasubiri. Inakumbuka kwa jina hilo la hotspoti, ukibadilisha jina unaanza upya. Alafu apdeti usizisahau moja kwa moja, siku ukipata waifai ya chuo ziachie zishuke.

SWALI: Naendesha Noah Moshi Arusha. Kuna sehemu nikipaki kusubiri abiria mtandao unasoma mstari mmoja, video inazunguka tu haifunguki. Kule kuzunguka kunakula bando?
Dereva, Boma Ng'ombe

JIBU: Kuzunguka ni kusubiri tu kaka, hakuna kinachokatwa kwa kusubiri. Kweli mtandao ukiwa dhaifu simu na mnara vinarudiarudia kutumiana kilichopotea hewani, ila hesabu ya bando haifanyiki kwenye mnara, inafanyika huko ndani kwenye mitambo ya kampuni, kwa hiyo marudio hayo ya hewani huyalipii. Utakacholipia mara mbili ni faili linalokatika katikati alafu linaanza sifuri. Kinacholiwa zaidi hapo ni chaji, maana simu inapaza sauti kutafuta mnara. Na ukishaondoka stendi simu weka chini, sisi abiria tunaona.

SWALI: Mwanangu hujambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tengeru. Kijana wangu aliniwekea programu ya kupima kasi ya intaneti, nami napima asubuhi, mchana na jioni na kuandika kwenye daftari. Inaniandikia 24, lakini nikipakua faili naona 3 tu kwa sekunde. Nani ananidanganya kati ya hawa wawili?
Mwalimu, Tengeru

JIBU: Shikamoo mwalimu. Sijambo kabisa, na hakuna anayekudanganya. Programu inahesabu kwa megabiti, faili linahesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ina biti nane. 24 gawa kwa 8 unapata 3. Tofauti yenyewe wameificha kwenye herufi moja, b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na makampuni yakitangaza kasi yanapenda hiyo ya biti kwa sababu namba inaonekana kubwa.

Ila mwalimu hilo daftari limenishtua kidogo. Huku juu nimemwambia mama wa Kiboriloni kwamba spidi haili bando, na nasimama hapohapo, lakini kupima spidi ndo sehemu moja ambapo inakula kwelikweli. Programu hizo hazipakui faili la ukubwa fulani zikaacha, zinavuta kadri ziwezavyo kwa muda fulani, tuseme sekunde kumi, alafu zinapandisha tena kwa sekunde nyingine. Megabiti 24 kwa sekunde kumi ni MB 30 kwa upande wa kushusha peke yake. Mara tatu kwa siku, siku thelathini, zimefika GB 2.7 za kupima tu, kupandisha hatujahesabu. Zamani kwa megabiti 2 kila kipimo kilikuwa kinakugharimu MB mbili na nusu hivi. Na hii 5G iliyoanza kuingia nchini 2022 ikifika kwenu na kukupa tuseme megabiti 200, kipimo kimoja ni MB 250. Hapo shemeji wa Kiboriloni anashinda kesi.

Punguza iwe mara moja kwa wiki, saa hizohizo, inatosha. Na siku ukishuka Kilombero nakuomba upite na hilo daftari kibandani, nataka nilione, maana kuna wateja wangu wawili wa Tengeru wanalalamika mtandao unashuka jioni na mimi sina namba za kuwaonyesha ni kuanzia saa ngapi.