"Guy" ni mwanamume, "guys" je?

SWALI: Kamusi yangu inasema "guy" ni mwanamume. Mbona nasikia wanawake wakiitwa "guys"? Na je, naweza kuanza barua pepe ya kazini kwa "Hi guys"?

JIBU: Kamusi yako haijakosea, imeishia tu kwenye umoja. Ukisema "I met a guy", hakuna atakayedhani ulikutana na mwanamke. Hata "two guys" kwa kawaida ni wanaume. Vituko vinaanza unapowageukia watu na kuwaambia "you guys": hapo jinsia inapotea, hata wote wakiwa wanawake.

Kisa ni upungufu wa Kiingereza chenyewe. Sisi tuna "wewe" na "nyinyi". Wao wamebaki na "you" moja, na "guys" inaziba pengo. Kwa hiyo "Are you guys ready?" ni "Mko tayari?" basi. Anayetafsiri "Nyinyi jamaa mko tayari?" ameongeza chumvi isiyoombwa. Na neno letu "jamaa" nalo lina tabia hiyohiyo: "jamaa mmoja kapita hapa" ni mwanamume, lakini katika "jamaa zangu" shangazi naye yumo.

Asili ya neno ni Guy Fawkes, aliyekamatwa London Novemba 1605 akilinda mapipa 36 ya baruti yaliyowekwa chini ya Bunge ili kulilipua. Kila tarehe 5 Novemba Waingereza wakawa wanachoma sanamu yake ya matambara, nayo ikaitwa "guy". Karne ya 19 jina likamwangukia mtu aliyevaa hovyo. Huko Marekani dharau ikafutika, akabaki mwanamume yeyote. ("Guy" ya kamba ya hema ni neno jingine kabisa.)

Sasa barua pepe. Kwa wenzako mliozoeana, "Hi guys" inapita, ingawa wapo wanawake inaowakera, ukishaambiwa, acha. Kwa mteja au mkubwa wa kazi usiithubutu: kundi liandikie "Hello all" au "Dear team", mtu mmoja mtaje kwa jina. Kibaya zaidi ni "Hi guy" kwa mtu mmoja, maana inasikika kama unamwita mpita njia usiyemjua. Na kwenye umiliki usihangaike na "you guys's report", ambayo huzungumzwa lakini haiandikwi kazini. Andika "your report".