Moyo ukisimama mtaani: kwa mnaoanza kazi idara ya dharura Mtwara

Wadogo zangu mnaoripoti huku Mtwara, karibuni. Vitabu mlivyotoka navyo chuoni vinagusia uchangiaji viungo wa mtu ambaye moyo wake umesimama ghafla nje ya hospitali. Msiiruke sehemu hiyo kwa kudhani ni mambo ya Ulaya tu. Ina nidhamu tunayoihitaji kila mgonjwa anaposhushwa kwenye bajaji akiwa hana mapigo.

Hispania, mtu akianguka barabarani, wahudumu wa gari la wagonjwa humpigania kwanza. Akishindikana ndipo hupelekwa hospitali, kifua kikiendelea kukandamizwa ili figo na ini visikose damu. Hapo madaktari huacha, husubiri dakika 5 bila kumgusa, ndipo hutamka kwamba amefariki. Italia husubiri dakika 20. Anayetamka kifo hayumo kabisa kwenye timu ya upandikizaji. Hilo ndilo nataka mlishike: anayepigania uhai hana hesabu nyingine kichwani.

Kwetu figo zinazopandikizwa Muhimbili tangu 2017, na Benjamin Mkapa kule Dodoma tangu 2018, hutoka kwa ndugu walio hai. Hata hivyo hofu ipo. Pazia likifungwa na ndugu wakaachwa nje bila neno, minong'ono huanza. Mtu akikuuliza kama mtamtoa mgonjwa wake figo, usikasirike wala usitabasamu. Mweleze kinachofanyika ndani, na ikiwezekana ndugu mmoja aingie ashuhudie, muuguzi akiwa pembeni yake. Nimeona watu wakitulia kwa kuona tu jinsi tunavyotoka jasho.

Na jasho litoke kweli. Kandamizeni katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mkikiacha kifua kiinuke chote kabla ya kukandamiza tena. Pokezaneni kila dakika 2, hata anayekandamiza akisema bado ana nguvu. Anayeshika saa asifanye kazi nyingine.

Wapo ambao moyo hurudi lakini hawazinduki. Ng'ambo, wachangiaji wengi hutoka kundi hili, ubongo ukishathibitishwa kufa, kuliko wale ambao moyo haukurudi kabisa. Nyinyi msikimbilie kutabiri. Dawa za usingizi na baridi ya mwili hudanganya. Miongozo inataka zipite angalau saa 72 kabla ya kusema ubongo hautapona. Ndugu wakiuliza siku ya kwanza, waambieni bado ni mapema, kwa sababu ni kweli.

Akifariki, msimtupie mke habari hiyo mlangoni akiwa peke yake. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo ulizeni mjomba yuko wapi. Wakalisheni pamoja, kisha semeni "amefariki". Ukisema "hali imebadilika" mtu atakwenda kununua uji wa mgonjwa.

Kuna siku mmoja wao atauliza kama anaweza kumchangia figo ndugu yake anayesafishwa damu. Mpokeeni kwa heshima. Kundi la damu, shinikizo la damu, sukari na figo zake mwenyewe vitapimwa kwanza, na anaweza kughairi wakati wowote bila kulaumiwa. Muelekezeni kliniki ya figo, na mhakikishe mnazungumza naye faragha, mbali na wanaomsukuma.