Kipandauso, vidonge vya majira na mtoto wa pili: Bibi Mkunga anajibu

SWALI

Shikamoo Bibi Mkunga. Nina miaka 29, naishi Morogoro, nina mtoto mmoja. Kipandauso kinanisumbua tangu niko sekondari: kichwa kinagonga upande mmoja, natapika, sitaki mwanga wala harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Mara nyingine kabla hakijaanza naona vitu vinametameta machoni, kama dakika ishirini hivi, halafu vinaondoka. Mwaka jana daktari alinianzishia valproeti, dawa ya kuzuia kichwa kisianze, ya kila usiku, na kwa kweli imenisaidia. Kuhusu mimba hakuniambia lolote. Natumia vidonge vya majira, ila mwakani tunataka mtoto wa pili.

Mimba ya kwanza kichwa kilipotea kuanzia mwezi wa nne. Wiki ya pili baada ya kujifungua kikarudi kwa kishindo. Muuza dawa akaniambia dawa zote zinapita kwenye maziwa, nikamwachisha mtoto ziwa akiwa na miezi miwili. Mama mkwe anasema nishike mimba tu, kichwa kitapona chenyewe. Nifanyeje?

Mama wa mmoja, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na hivyo vinavyometameta, maana umevitaja kwa kupita tu, na pengine kliniki hukuvitaja kabisa. Nilipokuwa chumba cha uzazi wa mpango, ukimuuliza mama kama anaumwa kichwa, karibu kila mmoja anaitikia, na hapo hujajua kitu. Muulize macho yake yanaona nini kabla kichwa hakijaanza. Mwenye dalili kama zako atainua kidole na kuchora hewani: mistari ya meno ya msumeno, inawakawaka, inatanuka taratibu kuelekea pembeni. Wengine hupata ganzi inayotambaa kutoka vidoleni hadi mdomoni, au ulimi unakuwa mzito kwa muda.

Kipandauso cha namna hiyo huongeza hatari ya kiharusi. Vidonge vya majira vina homoni mbili, na mojawapo, estrojeni, nayo huongeza hatari hiyohiyo. Kwa msichana wa umri wako hatari yenyewe bado ni ndogo, lakini viwili hivyo havitakiwi kukutana, na Shirika la Afya Duniani limeweka wazi kwamba mwanamke mwenye dalili hizo asipewe vidonge vyenye estrojeni, awe na umri wowote.

Kwa hiyo majira acha. Ila usibaki bila kinga hata siku moja, kwa sababu ya hiyo valproeti. Tumieni kondomu kuanzia leo, na wiki hii nenda kliniki ukawekewe kitanzi cha shaba. Hakina homoni, kinafanya kazi papo hapo, na kikitolewa uzazi unarudi. Kijiti nacho hakina estrojeni, unaweza kukichagua. Sindano ya miezi mitatu pia haina, lakini kwako siipendekezi: baada ya sindano ya mwisho uzazi unaweza kuchelewa hata miezi kumi, nawe una mpango wa mwakani.

Sasa valproeti yenyewe, na hapa inaniuma kwamba ulipewa bila kuambiwa. Mama akishika mimba akiwa anaitumia, karibu mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro za maumbile, mgongo wazi ukiwemo. Watatu hadi wanne kati ya kumi hupata matatizo ya kuongea, kujifunza au kukua kiakili. Mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya mwezi wa kwanza tangu mimba kutungwa, wakati wengi wenu hamjafika hata kliniki kufungua kadi. Kwa hiyo mazungumzo haya ni ya sasa, kabla ya mimba.

Usiikatishe mwenyewe. Rudi kwa daktari mapema, mwambie waziwazi, "Nataka kuzaa mwakani, naomba tubadilishe." Valproeti ni dawa ya kifafa pia, kwa hiyo kama umewahi kupata kifafa, mwambie na hilo. Kama valproeti ni ya kichwa tu, zipo nyingine: propranololi ya dozi ndogo kama huna pumu, au amitriptilini. Akikutajia topirameti, mkumbushe kwamba unataka mtoto, kwa sababu inahusishwa na mdomo sungura, na pia inaweza kupunguza nguvu ya kijiti. Muulize na foliki asidi: uianze miezi mitatu kabla ya kushika mimba, kwa dozi atakayokupangia yeye.

Mama mkwe wako hajakosea sana. Zaidi ya nusu ya wanawake wenye kipandauso hupata nafuu wakiwa wajawazito, hasa kuanzia mwezi wa nne, estrojeni inapopanda na kutulia. Wenye vimetameta huwa hawana bahati sana. Na baada ya kujifungua homoni hiyo hushuka ghafla, kichwa kinarudi, kama ulivyoona. Mwambie kwa heshima: mama, kilipumzika tu.

Kikikushika ukiwa mjamzito, meza parasetamoli mapema, vidonge viwili vya miligramu 500, ulale chumba chenye giza. Usizidishe vidonge vinane kwa saa 24. Kama unatapika, metoklopramidi inaruhusiwa, na maumivu yakigoma daktari anaweza kukuandikia sumatriptani. Si lazima uumie kimyakimya kwa kuwa una mimba. Diklofenaki na ibuprofeni kaa nazo mbali, hasa baada ya wiki ya 20, maana zinaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto. Ergotamini, dawa nyingine ya kipandauso, usiiguse kabisa. Inabana mishipa na kuuchochea mji wa mimba. Na usikae na njaa. Wajawazito wengi wanaoumwa kichwa mchana, ukiwauliza, hawajala tangu chai ya jana jioni.

Hili lisome na mumeo. Kifafa cha mimba nacho huja na kichwa kikali na vimetameta machoni, na wewe ndiye utakayesema "ni kile changu cha siku zote." Baada ya wiki ya 20, kichwa kikali chochote, pimwa presha siku hiyohiyo. Ikiwa 140/90 au zaidi, au uso umevimba, au unaumwa chini ya chembe cha moyo, nenda hospitali bila kusubiri asubuhi. Hatari hiyo haiishi siku ya kujifungua, inaendelea hadi wiki sita. Na ukichomwa sindano ya ganzi mgongoni kwa ajili ya upasuaji, halafu kichwa kikawa kinauma ukikaa na kutulia ukilala, hicho ni kichwa kingine, waambie wauguzi wa wodi.

Kuhusu maziwa, nimesikitika sana kwa ile miezi miwili. Parasetamoli na ibuprofeni zinafaa kabisa kwa anayenyonyesha. Propranololi pia, na sumatriptani hupita kidogo mno. Za kuepuka ni ergotamini, kodeini na aspirini ya kutuliza maumivu. Muuza dawa akikutia shaka tena, nenda kamuulize mkunga au daktari wa kliniki ya mtoto kabla hujamtoa ziwani.