Redio ya babu: itengenezwe au iachwe?

Ndugu, umeuliza kama redio ya babu yako iliyoanguka itengenezwe. Redio ya valvu (ya zamani, yenye taa za kioo ndani) kuanguka na kupasuka boksi si mwisho wake. Ufa huzibwa kwa gundi. Rangi mpya usipake, hushusha thamani. Kinachoamua ni transfoma, kifaa kinachobadili volti za umeme unaoingia. Usiichomeke redio kwenye umeme hata kidogo "kujaribu tu". Fungua nyuma uinuse: ikinuka kuungua, na nta imechuruzika kwenye transfoma, kuisuka upya waya zake kunaweza kuzidi bei ya redio yenyewe. Kapasita (vifaa vinavyotunza chaji ya umeme) za karatasi na za elektroliti zibadilishwe. Huzeeka hata redio ikikaa bure. Kazi hiyo mwachie fundi anayezijua valvu, maana ndani mna volti zaidi ya 200, na kapasita hubaki na chaji hata plagi ikichomolewa. Kwa kuwa ni ya babu yako, mimi ningeitengeneza hata kwa hasara.