Viatu vya baiskeli ya barabarani: upana kwanza, namba baadaye

Muuzaji akikwambia "kitafunguka tu, kivae siku mbili tatu," kirudishe rafuni. Kauli hiyo ina ukweli kwa kiatu cha ngozi cha ofisini, na hata raba hulainika kidogo. Kiatu cha baiskeli ya barabarani hakifunguki. Soli yake imetengenezwa makusudi isipinde, kwa nailoni ngumu au kaboni, na sehemu ya juu siku hizi karibu yote ni malighafi ya viwandani isiyotanuka. Kinavyokubana dukani ndivyo kitakavyokubana ukifika Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, tena zaidi, maana kufikia hapo jua limeshawaka na miguu imeanza kuvimba.

Nawaandikia ninyi mlioingia barabarani karibuni. Wengine mmevutwa na Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza kuja Afrika. Wengine na Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda hatua tatu na jezi ya kijani, ile ya pointi, ya Tour de France mwaka 2024. Karibuni sana. Swali mnaloniuliza mara nyingi ni kampuni gani inatengeneza viatu vizuri. Mimi ningependa muanze na lingine: mguu wangu una umbo gani?

Pima jioni, baada ya shughuli za siku, na upime ukiwa umesimama, kwa sababu mguu uliobeba uzito hurefuka na kutanuka. Weka karatasi sakafuni iguse ukuta, kanyaga juu yake kisigino kikiwa kimeegemea ukuta huo, kisha mwombe mtu akuwekee alama mbele ya kidole kilichotangulia. Kwa wengine si kidole gumba, ni kile kinachokifuata. Aweke na alama mbili pembeni, pale mguu unapotanuka zaidi. Pima miguu yote miwili. Ukikuta mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake, nunua kwa kufuata mkubwa. Ule mdogo utausaidia kwa soli ya ndani ya ziada.

Namba za Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 6.7 kutoka 42 hadi 43. Ni hatua kubwa kwa kiatu ambacho nafasi inayotakiwa mbele ya kidole ni milimita 5 hadi 10 tu. Na 42 ya kampuni hii si lazima iwe 42 ya kampuni ile. Kwa hiyo achana na namba ya raba zako; chukua sentimita ulizopima ulinganishe na jedwali la kampuni yenyewe.

Sasa upana, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoumia. Watu waliokua wakitembea pekupeku au na kandambili kwa kawaida wana mguu uliotanuka mbele, vidole vimeachana vizuri. Huo ni mguu wenye afya, usiuonee haya. Tatizo ni kwamba viatu vingi vya mbio, hasa vyenye asili ya Italia, hutengenezwa juu ya kalibu nyembamba. Mwenye mguu mpana akijaribu 42 kinambana ubavuni, anapewa 43, anaona nafuu, analipa. Nafuu hiyo ina gharama. Kisigino sasa kinapanda na kushuka ndani ya kiatu kila anaponyonga, kinachubuka. Na matundu ya skrubu za kliti, yaani kile kipande cha chini kinachonasa kwenye pedali, yamepangwa kulingana na urefu wa kiatu. Kiatu kikiwa kirefu kuliko mguu, matundu yanasogea mbele, kliti inaishia karibu na vidole badala ya kuwa chini ya ile sehemu nene ya wayo iliyo nyuma ya vidole. Misuli ya kigimbi inachoka mapema, vidole vinapata moto, na mtu anabaki kulaumu pedali.

Dawa ya mguu mpana ni kiatu kipana chenye urefu uleule. Shimano wana matoleo mapana ya baadhi ya viatu vyao, Sidi wana yale wanayoyaita Mega, na Lake wanajulikana kwa kutoa upana wa aina kadhaa. Ukiwa dukani, chomoa soli ya ndani ya kiatu, iweke sakafuni, simama juu yake kisigino kikiwa mahali pake. Tazama pembeni. Nyama ya mguu ikimwagika nje ya soli upande wa kidole kidogo au wa kidole gumba, kiatu hicho ni chembamba kwako hata kama ukikivaa hakiumi sasa hivi. Kipimo hiki hakichukui hata dakika, na nakiamini kuliko maneno ya muuzaji yeyote, hata kuliko yangu mwenyewe ninaposhauri rafiki.

Ukishapita hapo, kivae. Njoo na soksi zako za baiskeli, zile nyepesi, usijaribu kwa soksi nene za kuazima. Usikihukumu kwa kutembea; kiatu hiki hakikuumbwa kutembea, na soli isiyopinda itakufanya uhisi ajabu hata kikiwa kinakutosha sawasawa. Kifunge, keti, kandamiza sehemu ya mbele ya mguu chini kana kwamba unanyonga, kisha vuta kisigino juu. Kisigino kitulie. Vidole viweze kuchezacheza bila kugusa ncha ya kiatu. Mgongo wa mguu usihisi mstari unaokata. Kaa nacho robo saa huku ukiongea na watu. Sehemu inayobana itajitaja yenyewe. Mwenye duka akikuruhusu, panda baiskeli iliyoegemezwa ukutani ujaribu ukiwa umeinama kama barabarani.

Kuhusu vifungio, velkro, kamba na kile kidude cha kuzungusha vyote vinafanya kazi. Faida ya kuzungusha ni kwamba unaweza kulegeza ukiwa njiani bila kusimama, na kwa joto la Pwani hilo si jambo dogo. Wengi hukaza mno wakiamini wanaongeza nguvu. Wanachoongeza ni ganzi. Kaza juu karibu na kifundo, acha mbele pawe na nafasi.

Kaboni? Subiri. Nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo ni ngumu vya kutosha kwa anayeanza, na haipitishi sana mitetemo ya lami yetu yenye viraka. Pesa utakayookoa itakununulia soli ya ndani yenye kuinua upinde wa wayo, kwa sababu ile inayokuja na kiatu mara nyingi ni kipande bapa cha sponji.

Kabla hujalipa, geuza kiatu uangalie matundu. Matatu ni ya kliti kubwa za barabarani, mawili ni ya kliti ndogo iliyozama ndani ya soli, ambayo unaweza kutembea nayo. Ukikaa Kigamboni na kila asubuhi unavuka kwa pantoni, ukisukuma baiskeli juu ya bati lililolowa pamoja na umati, chukua matundu mawili bila kusikiliza anayekwambia si ya kitaalamu. Kliti kubwa ya plastiki huteleza juu ya chuma chenye maji, na kutembea huila haraka. Matundu matatu yanampa raha anayetoka nyumbani, ananyonga hadi Bagamoyo, na kurudi bila kushukashuka.

Kliti zenyewe zina mtego wa rangi. Kwa Shimano za matundu matatu, nyekundu haina mchezo wowote, yaani mguu ulionaswa hauwezi kugeuka kulia wala kushoto, bluu ina nyuzi 2 na njano nyuzi 6. Kwa Keo za kampuni ya Look, nyeusi ndiyo isiyocheza, kijivu ina nyuzi 4.5 na nyekundu nyuzi 9. Mtu akikushauri "chukua nyekundu," muulize ya nani. Anayeanza namshauri yenye mchezo, njano au kijivu, ili goti lijitafutie njia yake. Na ingawa kliti za hao wawili hufungwa kwenye matundu yaleyale ya kiatu, ya huyu haiingii kwenye pedali ya yule.

Nyayo zikikuungua baada ya saa moja mbili, kwanza legeza kifungio cha mbele. Isiposaidia, rudisha kliti nyuma milimita mbili tatu, kuelekea kisigino, kisha shusha siti kidogo sana, maana umefupisha ufikio wa mguu. Zikiendelea kuungua, rudi kwenye kile kipimo cha soli ya ndani. Mara nyingi jibu liko pale.

Wengi mtanunua mtumba, soko la Karume au kwingineko, na si vibaya hata kidogo. Lakini vifungue ndani. Toa soli ya ndani uitazame kwenye mwanga: utaona alama za vidole vya aliyekitumia kabla yako, nyeusi na zilizodidimia. Zikiwa zimekaa sehemu tofauti kabisa na vidole vyako, soli hiyo ya ndani imeshazoea mguu mwingine. Badilisha walau soli hiyo. Chini yake utakuta nati zinazoshika skrubu za kliti. Jaribu skrubu katika kila moja. Nati iliyoshika kutu au inayozunguka pamoja na skrubu itakutesa siku ya kubadilisha kliti. Kisha shika kisigino na ncha ya soli, jaribu kupinda. Ukisikia mlio wa gundi inayoachia, au kipande cha mpira wa kisigino kikapukutika mkononi, kiache. Viatu vilivyokaa miaka kwenye stoo huoza gundi hata kama juu vinang'aa kama vipya.

Unapofunga kliti, paka grisi kidogo kwenye skrubu, kaza kidogo kidogo kwa zamu usimalize moja kwanza, na uchore ukingo wa kliti kwa kalamu ya wino usiofutika. Baada ya safari ya kwanza zikaze tena, kwa sababu hulegea zinapotulia. Mstari ule wa wino utakuonyesha kama kliti imehama, na siku ya kuweka mpya utajua pa kuirudisha.