Shombo limeisha, vidonge vimebaki: majibu kuhusu dawa ya bakteria ukeni

Wengi mlioniuliza kuhusu bakteria ukeni (utoko mwepesi wa kijivujivu, wenye shombo la samaki linalozidi baada ya tendo la ndoa) hamna shida na ugonjwa wenyewe. Shida yenu ni dawa. Najibu hapa, majina nimeyaacha.

Nimeanza metronidazoli juzi. Mdomo una ladha ya chuma na mkojo umekuwa rangi ya chai. Dawa inaniharibu figo? (Wete)

Hapana, mwanangu. Ladha hiyo huja na dawa hii, na mkojo hukolea kwa sababu mabaki ya dawa yanatoka nao. Vyote huondoka ukishamaliza dozi. Kichefuchefu nacho ni cha kawaida, basi usimeze kidonge na tumbo tupu. Tanguliza mkate au muhogo wa kuchemsha. Lakini macho yakiwa ya manjano, uso ukivimba, ukitokwa na vipele mwili mzima au vidole vikifa ganzi, rudi spitali siku hiyo hiyo. Na anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) aseme kabla ya kidonge cha kwanza, maana dawa hizi mbili zikikutana damu huwa nyepesi kupita kiasi.

Siku ya tatu shombo limeisha. Vilivyobaki niviweke akiba?

Usiviweke. Mama mmoja alinifungulia pindo la kanga yake kliniki: vidonge 16 kati ya 28, vimeanza kumeguka. Alikuwa anavitunza kwa siku likirudi, na lilirudi. Dozi ya kawaida ni miligramu 500 asubuhi na jioni kwa siku 7. Kidonge kikiwa cha 250, basi kila mara ni viwili. Shombo hutangulia kuondoka, lakini bakteria wenyewe hujijengea utando kwenye kuta za uke, na waliojificha humo hawaishi kwa siku tatu.

Nina mimba ya miezi mitano, naogopa dawa.

Metronidazoli hutumika kwa wajawazito, na ugonjwa huu usipotibiwa unahusishwa na kuzaa kabla ya wakati. Nenda kliniki yako na kadi yako, usinunue dukani kwa kubahatisha.

Ramadhani nifanyeje?

Dozi ya mara mbili inaingia vizuri: baada ya futari, kisha baada ya daku kabla ya alfajiri. Ukipewa krimu ya klindamaisini, hiyo huwekwa usiku wakati wa kulala. Jua tu kwamba ina mafuta yanayodhoofisha kondomu, hata siku kadhaa baada ya kumaliza.

Somo yangu alinifunza kujisafisha ndani kwa shabu na maji ya ndimu. Niendelee huku natumia dawa? (Mkoani)

Somo yako alikutakia mema. Udi wa kufukiza nguo, asumini kitandani, liwa mwilini: endelea navyo, ni uzuri wetu. Ndani ya uke usitie kitu.

Uke wenye afya una bakteria wema wanaotengeneza asidi, na asidi hiyo ndiyo inayowazuia wale wa shombo wasizidi. Dawa inapowapunguza wabaya, wema wanahitaji muda wa kurudi, na kila unapojiosha ndani unawatoa kabla hawajashika. Utaniambia ndimu nayo ni asidi. Ni kweli, lakini ukali wa ndimu unakuunguza na kukausha, nao haukai kama ule ambao mwili unautengeneza kila siku. Maji matupu, nje tu, yanatosha.

Nimemaliza dozi, sasa nawashwa na natokwa na utoko mzito mweupe.

Huenda ni fangasi, hutokea baada ya antibiotiki. Nenda wakakuangalie, mara nyingi klotrimazoli inatosha.

Limerudi mara ya tatu. Mume wangu anasema nimetoka nje ya ndoa. Wallahi sijatoka. Naye atibiwe?

Pole sana, dada. Kurudi kwa ugonjwa huu si ushahidi wa zinaa. Zaidi ya nusu ya wanawake waliotibiwa huupata tena ndani ya mwaka mmoja.

Kuhusu mume, kwa miaka mingi tulisema hana haja ya dawa, na sasa mambo yamebadilika. Utafiti wa Australia uliotolewa mwaka 2025 ulifuatilia jozi 164 za wenza. Waume wa kundi moja walipewa vidonge vya metronidazoli na krimu ya klindamaisini ya kupaka uumeni, kwa siku 7. Katika wiki 12, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 35 ya wake zao, na kwa asilimia 63 ya wale ambao waume zao hawakutibiwa. Waume wengi kule hawakuwa wametahiriwa, kwa hiyo siwezi kukuahidi hesabu hiyo hiyo hapa Unguja na Pemba. Lakini bakteria hawa hukaa pia kwenye ngozi ya uume, na mke akitibiwa peke yake huweza kuwapokea tena kutoka kwa mumewe.

Omba upimwe upya, maana trikomonasi (vimelea vinavyoambukizwa kwa kujamiiana) nayo hutoa harufu, na mpime virusi vya UKIMWI, kwa kuwa bakteria hawa hurahisisha maambukizi. Mwulize daktari pia kuhusu jeli ya metronidazoli ya mara mbili kwa wiki kwa miezi kadhaa. Na nenda naye mumeo. Mkishakaa mbele ya daktari, mwombe yeye amweleze hayo ya kurudi kwa ugonjwa, usiachiwe wewe kujitetea.